Noeli ya Kitaya katika Mwezi wa Ramadhani

Mwaka lilipotangazwa Azimio nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mikindani. Shangazi yangu Paulina alikuwa amevuka mto Ruvuma na wenzake wakikimbia vita ya Msumbiji, wakapewa pa kukaa Kitaya. Alinitumia salamu kwa dereva wa lori: hawana padre, wana katekista tu, na nyimbo za Noeli wanazikumbuka nusunusu. Niende nikawaimbishe. Shule ilikuwa imefungwa, nikafunga mzigo.

Asubuhi niliyoondoka Mikindani lori lilikuwa limejaa chumvi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na dereva alikuwa amefunga. Nikaona haya kula mhogo wangu mbele yake.

"Kula, mwalimu," alisema bila kugeuka. "Funga ni yangu, njaa ni yako."

Mahurunga tulifika mvua ikinyesha. Mbele kulikuwa tope tupu, lori likaishia hapo, nikalala kwa jamaa za dereva. Kesho yake nilipata mtu wa baiskeli. Penye ukavu alinipakia, penye tope tulisukuma wote wawili, mto ukiwa kushoto kwetu nyuma ya mashamba ya mpunga.

Kitaya niliingia alasiri ya mkesha. Shangazi alinipokea kwa vigelegele, lakini nyuma yake watu walikuwa wakibishana. Walikuwa na beberu mmoja, waliyemfuga mwaka mzima kwa ajili ya sikukuu. Katekista Yohani, mtu mrefu mwenye sauti ya amri, alitaka apikwe mchana mara baada ya ibada, kama walivyozoea kwao. Shangazi alikataa, kwa kuwa majirani wote walikuwa wamefunga.

"Kwa hiyo tumfiche Kristo?" Yohani aliuliza.

"Nani kasema tumfiche? Asubuhi tutaimba mpaka ng'ambo wasikie. Lakini chungu kitangoja jua lizame. Na beberu atachinjwa na Bwana Issa, ili na wao wale."

Issa ndiye aliyewakatia sehemu ya shamba lake walipofika mikono mitupu. Yohani alikubali, ila uso haukulainika.

Baada ya futari shangazi alinichukua tukaenda kwa Issa. Alisikiliza, akafikiri kidogo.

"Kuchinja nitachinja, dada Paulina. Lakini nisikudanganye. Hata jina langu ni la Nabii Isa, nami namheshimu. Ila hilo la kuwa Mwana wa Mungu, mimi silisemi."

Shangazi hakutikisika. "Najua, kaka. Nami kesho nitalisema, tena kwa sauti."

"Liseme," Issa akajibu. "Ndiyo imani yako." Wakacheka wote wawili.

Alfajiri ya Noeli upepo ulivuma na mvua, ukabeba nusu ya paa la banda letu la ibada. Tulisimama tukitazama msalaba ulivyolowa. Wengine walisema turudi nyumbani tusali kila mtu kwake. Ndipo Issa alipotokea na ndugu zake, wamebeba nyasi alizokuwa ameziweka za kuezekea jiko lake mwenyewe. Alipanda juu bila kungoja kuombwa. Yohani akashika ngazi.

Mvua ilikatika, jua likawa kali. Mama mmoja alipitisha kata ya maji kwa mafundi. Yohani alimtazama Issa, jasho likimtiririka huko juu na midomo imekauka, kisha akairudisha kata bila kuigusa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Paa lilipokamilika Issa alishuka. "Sasa ni kazi yenu," alisema, akaenda kukaa barazani kwake. Tukaimba. Shangazi alikiri imani yake kwa sauti iliyopasuka kwa furaha, na Yohani alisoma habari za kuzaliwa kwa Bwana huku akifuta macho.

Alasiri Issa alimchinja beberu. Jua lilipozama, adhana ikaadhiniwa. Majirani walikuja na uji na tende, sisi tukaipua nyama. Yohani alipiga ishara ya msalaba, Issa akasema bismillahi. Hakuna aliyeshusha sauti.

Siku niliyorudi Mikindani Issa na Yohani walinisindikiza hadi njia kuu. Nilikuwa nimedhani kumheshimu mtu wa dini nyingine ni kuipunguza yako mbele yake. Kitaya niliona watu wasiopunguza kitu, na bado wakapendana.

"Mwakani," Issa alisema, "Ramadhani itakwisha kabla ya Noeli yenu. Pikeni mchana, nami nitakuja."

Yohani alitikisa kichwa. "Tutapika jioni. Tumeshazoea kula na ninyi saa hiyo."