Vidole Vinne vya Kitambaa

Fundi cherehani wa mtaa wa Mudzipela hakati kikwembe, kitambaa cha mteja, kabla ya kukipapasa. Ndani ya mshono wa kiuno humwachia kila mteja vidole viwili vya kitambaa, gauni lipate kupanuliwa akinenepa. Kwa bibi harusi huacha vinne, nafasi ya mimba, bila kumuuliza.

Juzi mteja mmoja alimtazama fundi tumboni, akapiga kigelegele: "Weye uko na mimba! Myezi ngapi?"

Fundi akakata uzi kwa meno kwanza. "Hapana, mama. Ni fibrome, uvimbe ya mu kizazi. Mimba ilitoka mu mwezi ya février, na ile ilikuwa ya tatu."

Mteja akaaga. Fundi akatandaza kitambaa cha gauni lake mwenyewe, akapiga mstari wa chaki kwenye nafasi ya vidole viwili. Akashika mkasi. Kisha akaufuta ule mstari, akachora mwingine kwenye vinne.