Kichaka cha Watawa

Zoraida Cascante hakuolewa. Mama yao alipofariki, baba alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya ndizi akapotelea hukohuko, na Zoraida, msichana ambaye hata kusuka nywele zake alikuwa bado hajajua vizuri, akabaki na mdogo wake Evelio mgongoni. Mwanamume mmoja wa ng'ambo ya mto alimtaka. Akasema atamchukua yeye, mtoto hapana. Zoraida akamrudisha kwa njia aliyojia.

Nyuma ya nyumba yao, kando ya kijito, palikuwa na kichaka ambacho sisi majirani tulikizoea kwa kelele zake. Humo ndimo walimokusanyika madume ya mtawa, yule ndege mvumaji mdogo wa kahawia, mfyonza maua mwenye mdomo mrefu uliopinda na mkia wenye ncha nyeupe. Kila dume alikuwa na kijiti chake chini kwenye kivuli, akishinda hapo akilia sauti moja ileile na kutikisa mkia, ili jike apite amchague. Wakishamalizana, dume hukirudia kijiti chake kana kwamba hakuna lililotokea. Jike hujenga peke yake, hulalia peke yake, hulisha peke yake.

"Wamefanana na baba yetu," Zoraida alikuwa akimwambia Evelio alipokuwa mdogo. "Sauti nyingi, nyumbani hayupo."

Mtoto alicheka mpaka akapaliwa na maharage.

Evelio alikua, akaoa, akapata watoto. Ardhi iliandikwa kwa jina lake kwa sababu yeye ndiye mwanamume. Mwaka mmoja kila mtu hapa kwetu Sarapiquí alikuwa anapanda mananasi, naye akaja jikoni kwa dada yake, akakaa, akazungusha kofia mikononi.

"Dada, kile kichaka nitakifyeka."

"Kuna jike amejenga mle."

"Wapo siku zote."

"Njoo uone."

Alimpeleka hadi ukingoni. Chini ya ncha ya jani la mnazi-mwitu kiota kilikuwa kimening'inia, kimeshonewa hapo kwa utando wa buibui, na mvua yote ikiteleza juu ya jani bila kukigusa. Jike alikuwa ameketi akilitazama jani, kichwa kimerudi nyuma hadi mdomo ukaelekea juu.

"Shingo haimuumi huyo?" Evelio aliuliza.

"Inamuuma. Atakaa wapi kwingine? Ngoja makinda yaruke, halafu fanya utakalo. Sikuzuii."

"Dada, ndege hawalishi watoto wangu."

"Najua kinacholisha watoto. Nimekulisha wewe."

Evelio akainamisha kichwa. "Basi nitangoja."

Zoraida alimwamini. Shangazi yao alipougua huko mjini Limón, alikwenda kumuuguza moyo wake ukiwa umetulia. Aliporudi, alisikia kimya kabla hajafika mlangoni. Kuanzia ukuta wa jikoni hadi kijitoni palikuwa udongo mwekundu mtupu. Mwenye trekta alikuwa amepita kwa majirani siku moja tu, na Evelio akaona asipofyeka siku hiyo atachelewa msimu.

Hakulia. Alitafuta lile jani kwenye rundo la matawi hadi akalipata, limekunjika, kiota kimebanwa ndani. Hakukifungua.

Kibaya zaidi ni kwamba madume walirudi. Walikaa juu ya waya wa seng'enge kwenye jua kali, ndege ambao maisha yao yote ni kivulini, wakalia sauti yao ileile. Hakuna jike aliyekuja. Migomba-mwitu yenye maua mekundu waliyokuwa wakiyafyonza ilikuwa imelala na matawi mengine. Mvua zilipokwisha, waya ulikuwa mtupu.

Evelio alijaribu kurekebisha mambo. Alileta chombo cha plastiki chenye maua mekundu ya bandia, akakijaza maji ya sukari, akakitundika dirishani kwa dada yake. Wavumaji walikuja kweli, wale wa kijani wagomvi, wakapigana vikumbo mchana kutwa.

"Umeona, dada? Ndege wako wamerudi."

"Hawa si wale."

"Ndege ni ndege."

Zoraida alimtazama. Alimwona yule mtoto aliyekuwa mgongoni mwake, na hakupata mahali pa kumshika.

Mananasi yalizaa vizuri. Watoto wa Evelio walivaa viatu vipya, na Zoraida hakuwahi kula hata kipande cha nanasi. Evelio alikuja kila Jumapili, akapewa kahawa na wali wa maharage kama kawaida, akaulizwa habari za watoto, akajibu. Jumapili moja, mimi nikiwa hapohapo mezani, alishindwa kuvumilia.

"Dada, unisamehe basi. Nilikosea."

"Nimekusikia."

"Umenisamehe?"

"Kula, Evelio," alisema, akainuka kwenda kuosha vyombo.