Mikonge ya Mama na Vidonge vya Kaka

Safari hii sikuipanga. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa nashona mifuko ya suruali katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River. Saa ya chakula mtu wa kwetu anayeuza ndengu akaniita getini. Hata salamu hakunipa. "Mumbua, enda nyumbani," akasema. "Mutiso ameanza tena."

Ameanza tena! Nyinyi ambao hamjawahi kuwa na mgonjwa wa akili nyumbani mtayasoma maneno hayo na kuyapita. Mimi nilishika chuma cha geti.

Mutiso ni kaka yangu, kifungua mimba wa mama. Alianza kusikia sauti akiwa kidato cha nne. Tulimpeleka kwa waganga, tukampeleka kwa maombi, na tulipochoka na yote mawili tukampeleka hospitali, akadungwa ile sindano ya zamani. Sauti zilipungua, lakini mwili ukamkauka kama ubao, shingo ikapinda, mate yakawa yanamtoka mchana kutwa. Jembe hakuweza kulishika. Akakataa sindano, na nani angemlaumu? Halafu, baada ya miaka mingi, tukaambiwa hospitali ya Machakos mjini ina kliniki ya akili na kuna vidonge vya aina mpya visivyokausha mtu. Akavimeza. Kabla ya mavuno kufika, kaka yangu alikuwa analima, anatania watu, ananiuliza mbona siolewi. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba anajua kutania.

Daktari alikuwa ametuonya siku ile ya kwanza. Akiacha dawa ataanguka, alisema, na kila anguko linaondoka na kitu ambacho huenda kisirudi. Ndiyo maana nilimwendea supavaiza nikaomba ruhusa, na aliponinyima nikaondoka bila ruhusa.

Machakos mjini nilifika jua likiwa bado juu, nikapitia kliniki kwanza. Daktari ni yule yule aliyetuonya, mwanamke, Mkamba kama sisi, mdogo kuliko nilivyodhani daktari wa wazimu angekuwa. Alinisikiliza amesimama mlangoni.

"Mlete kesho," akasema. "Lakini Mumbua, usimgombeze. Siku hizi tunajua vizuri kwamba mgonjwa akirudi kwenye nyumba ya makelele na lawama, anaanguka haraka hata akiwa anameza dawa."

"Sawa, daktari," nikamjibu. Mimi na huu ulimi wangu!

Kutoka Machakos hadi ng'ambo ya Masii sikuona kitu cha kunifurahisha. Mvua ilikuwa imekataa. Mahindi yalisimama mekundu mashambani, na ng'ombe walikuwa wanatafuna mabua yaliyokauka. Njia nzima nilikuwa natafuta wa kumlaumu. Nikamshuku mchungaji, maana wapo wanaowaambia wagonjwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Nikawashuku wajomba. Mwisho nikamshuku Mutiso mwenyewe, nikaona ni yeye tu, kichwa ngumu, ameona amepona akatupa vidonge kama mtu aliyemaliza dozi ya malaria. Hasira ikanipanda.

Muthetheni, soko la kwetu, niliteremka nikashika njia ya miguu. Nilipofika kwenye shamba letu la bondeni nikasimama kidogo, kwa sababu kulikuwa na kitu kigeni. Mvua kubwa za zamani ziling'oa mikonge ya mpakani iliyopandwa na babu, na tangu hapo jirani yetu Nzioka akawa kila msimu anasogeza plau yake upande wetu. Sasa niliona mstari wa mikonge michanga, imepandwa juzijuzi. Lakini ilikuwa imepinda vibaya, ikapita katikati ya shamba letu sisi wenyewe na kuacha kipande kizima kwa Nzioka. Nikasema moyoni, hawa wa nyumbani wameanza kupanda usingizini? Nikaendelea.

Nyumbani mama alinipokea mlangoni bila kunitazama machoni.

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya ghala. Usimwendee na viatu vya haraka."

Hapa lazima niwaeleze jambo. Kwetu Ukambani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Mutiso ni jina la babu yetu, na kwa mama yule mtoto si mtoto tu, ni baba mkwe wake amerudi. Mwanamke na baba mkwe wana nthoni, yaani heshima ile ya kukaa mbali na kuona haya. Wamama wengine huifuata kwa mchezo, wakamtania mtoto na maisha yakaendelea. Mama yangu hakutania. Hakuwahi kumchapa Mutiso, hakuwahi kumtuma dukani. Humwita Mzee. Chakula humwekea chini, anarudi nyuma hatua chache ndipo anasema karibu. Na sauti zilipoanza, sisi tuliogopa, lakini mama aliinamisha kichwa na kusikiliza.

Nilimkuta kaka amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, amekonda, viganja vimeziba masikio. Midomo ilikuwa inamwenda bila kupumzika. Shati nililomshonea mwenyewe alilivaa ndani nje.

"Mutiso, ni mimi."

"Wamesema utakuja," akanijibu. "Wamesema wewe si Mumbua kamili."

"Nani alikuachisha vidonge?"

Akanitazama. Kwa muda mfupi sana nikamwona yeye mwenyewe, ndani kabisa, kama mtu anayechungulia dirishani. "Niliacha tu," akasema.

"Uliacha tu! Mutiso, uliacha tu? Watu wanalia kwa ajili yako na wewe unaacha tu?" Ndiyo, niligomba. Maneno ya daktari niliyakumbuka nikiwa nimeshamaliza. Kaka akajikunja, akaanza kupiga kichwa chake kwa ngumi, na mama akanivuta mkono akaniondoa pale.

Vidonge vilikuwa ndani ya nyumba, vimening'inizwa kwenye kiondo juu ya kitanda cha mama, vimejaa. Nilimwuliza mama mbona havikumezwa. Akasema anatazama chungu kisiungue.

Asubuhi wajomba wawili walikuja na kamba. Walitaka tumfunge ndipo tusafiri, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kukubali. Mama akasimama mbele yao na mikono mitupu. "Hamfungi baba mkwe wangu," akasema. "Mkitaka kufunga mtu, nifungeni mimi." Wale wanaume wakarudisha kamba begani.

Sokoni magari yalitukataa. Makanga mmoja alimwangalia kaka akatikisa kichwa. "Huyo hapana, madam. Abiria watashuka wote." Mwingine akasema pole sana, na akafunga mlango. Watu wakaanza kukusanyika na watoto wakaanza kucheka. Ilikuwa ni aibu jamani, tena aibu ya mchana. Aliyetuokoa ni yule mtu wa ndengu, aliyekuwa amekuja kununua mzigo na pikapu yake. Mama akakaa mbele na dereva, kwa sababu ya nthoni. Mimi na kaka tukakaa nyuma juu ya magunia.

Njiani kuelekea Machakos alijaribu kuruka mara nyingi. Nilimkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili nikaimba nyimbo za kanisani, zile tulizoimba tukiwa wadogo, na zikaniishia nikaanza tena. Vumbi lilitujaa mdomoni. Kila nilipoinua macho nilimwona mama amegeuka, anatutazama kupitia kile kioo kidogo cha nyuma, machozi yanamtoka na hayafuti. Hata wakati ule sikuelewa.

Kliniki ilikuwa imejaa. Daktari alipotuona alitupitisha, akampa kaka dawa ya kumtuliza, wakamlaza. Halafu akatuketisha mimi na mama chumbani kwake akafunga mlango.

"Mama," akasema kwa Kikamba, taratibu, "sitakugombeza. Nataka tu kujua. Vidonge wewe ndiye ulikuwa unampa?"

"Ni mimi."

"Ukaacha kumpa?"

Mama akafunga upya leso yake begani. "Nilitaka kumwuliza mpaka," akasema.

"Mpaka gani?"

"Mpaka wa shamba. Nzioka anatumaliza. Tangu mikonge ing'oke, aliyejua ulipopita hatua kwa hatua ni baba mkwe wangu peke yake, na alikufa bila kumwonyesha mtu, hata marehemu mume wangu. Tangu huyu aanze vidonge, mzee amenyamaza. Nikasema, tuache vidonge kidogo, mzee azungumze, aonyeshe mpaka, halafu tuendelee na dawa."

Mimi niliruka kutoka kwenye kiti. Sijui nilitaka kusema nini. Daktari aliinua mkono nikakaa.

"Mama, nisikilize. Zamani hata sisi madaktari tulisema mambo mengi ambayo si kweli. Wengine walisema ni malezi mabaya ya mama. Si kweli, hukukosea kitu kumlea. Si laana pia. Ni ugonjwa wa ubongo. Kichwa cha mtu kinazungumza chenyewe kila wakati, hata changu, hata chako. Kichwa cha Mutiso kinayasikia mawazo yake mwenyewe na kudhani ni mtu mwingine amesema. Hizi dawa zinapunguza hiyo. Si babu anayenyamaza. Ni ugonjwa."

Mama akamwangalia. "Kwani wewe uliwahi kumsikia baba mkwe wangu?"

"Hapana."

"Basi."

Daktari alisogeza kiti chake karibu. Alimshika mama mkono tu. Aliniambia baadaye, tukiwa wawili kwenye korido, kwamba dawa zimeendelea sana, na kwamba hata kuzungumza na jamaa za mgonjwa sasa kunahesabiwa kama matibabu. "Lakini kuzungumza kunachukua muda mrefu kuliko kidonge," akasema. Nilimwuliza kama kaka atarudi vile alivyokuwa. Akasema atarudi. Vile alivyokuwa, hilo hakuniahidi.

Mama alirudi Muthetheni na pikapu. Mimi nilibaki mjini kwa mama mmoja wa kanisa letu, na kila siku nikawa napeleka uji wodini. Siku za kwanza kaka hakunijua. Baadaye akawa ananijua asubuhi na kunipoteza jioni. Polepole mikono ikashuka kutoka masikioni. Lakini kile kicheko cha msimu uliopita hakikurudi. Alikuwa anaongea polepole, anatafuta neno, na lisipokuja analiacha.

Siku yangu ya mwisho Machakos tulikaa nje ya wodi juani. Nilikuwa nimekusanya ujasiri wa kumwomba msamaha kwa kelele zangu za nyuma ya ghala, na nilimwomba.

"Ni sawa," akasema.

"Mama alimwambia daktari kila kitu. Mbona wewe ulisema uliacha tu?"

"Ungemgombeza."

Kweli ningemgombeza. "Mutiso, mama alipokuambia uache, ulijua utaanguka?"

"Nilijua."

"Na ulijua si babu?"

"Wakati huo nilikuwa na akili, Mumbua. Nilijua si babu." Alinyoosha uzi uliochomoza kwenye gauni la hospitali. "Lakini mama aliniomba. Tangu nizaliwe ananiogopa. Hajawahi kuniomba kitu. Siku hiyo alikuja akakaa karibu yangu kabisa, hivi, akanishika goti akasema nisaidie. Ningesemaje?"

"Na alipouliza mpaka, ulisikia nini?"

"Babu hakuja. Walikuja wale wengine tu, wale wa kila siku." Akatafuta neno, safari hii akalipata. "Mama alikuwa anangoja. Alikuwa amebeba miche ya mikonge, anangoja. Nikaona hawezi kurudi mkono mtupu baada ya yote hayo. Nikatembea tu shambani nikamwonyesha. Hapa, hapa, hapa. Akapanda nyuma yangu."

Jioni hiyo nilirudi Athi River. Kiti changu kiwandani kilikuwa kimeshapata mwenyewe, msichana mpya, anashona mifuko yangu. Nilitafuta kazi kwingine. Hilo si kitu.

Mkiniuliza safari ile ilinifunza nini, nitawaambia dawa zipo, jamani, na zinafanya kazi, msimfiche mgonjwa wenu ghalani wala msimfunge kamba. Kaka yangu mpaka leo anameza vidonge vyake, na sasa ni yeye mwenyewe anayevitunza. Mama humwekea chakula chini kama zamani na kurudi nyuma. Sijamwambia kuhusu mpaka, na kaka ameniapisha nisimwambie. Nzioka analima kile kipande chetu bila ugomvi, kwa sababu amepewa zaidi ya alichoiba. Mama akipita bondeni hupunguza mwendo, akainama, akang'oa magugu kwenye ile mikonge iliyopinda, mmoja mmoja. Yote imeshika mizizi.