Mbuzi wa Shukrani na Kliniki Tuliyoiacha

Nilipasuliwa moyo nikiwa na miaka minne. Tundu nililozaliwa nalo likazibwa kwa kiraka, tukarudi nyumbani, mtaa wa Sakina, na mama akapeleka mbuzi kanisani kutoa shukrani. Baada ya ibada mbuzi alinadiwa, watu wakaimba, mchungaji akatangaza kwamba mtoto amepona. Tangu siku hiyo hatukurudi kliniki. Kwa mama, kurudi kungekuwa kama kumwambia Mungu hatuiamini kazi yake.

Mimi wasiwasi ninao wa kutosha. Mwaka jana nilipomaliza chuo nilipata kazi ya kuongoza wageni kwa miguu kwenye miteremko ya Meru, nianze baada ya wiki mbili. Hapo nikaanza kuhesabu mapigo ya moyo kila nilipopanda ngazi. Nikihesabu yanaongezeka, yakiongezeka nahesabu tena. Je, kile kiraka kilikua pamoja nami, au kimebaki cha mtoto wa miaka minne?

Nikamwambia mama nataka kupimwa kabla ya kugusa mlima.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa daktari unampelekea nini?"

"Kovu."

Akacheka bila kutaka. "Tangu usome chuo, hata kovu lako lina mawazo."

Lakini alinisindikiza. Daktari, mwanamke wa makamo, aliutazama moyo wangu kwenye skrini kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Kiraka kimekaa vizuri," alisema. "Kuna valvu moja ya moyo inavuja kidogo sana. Haikuzuii kufanya kazi, ila inatakiwa kuangaliwa. Mbona mlipotea?"

"Tulishashukuru, daktari," mama akajibu, sauti chini.

"Mlifanya vizuri, mama. Ila aliyepona naye huangaliwa. Awe anakuja kila baada ya miaka miwili."

"Na mlima?" mama akauliza.

"Apande. Akichoka apumzike, kama wenzake."

Tulipotoka nje nilitaka kumuuliza mama kama "kidogo sana" ni kidogo kiasi gani, lakini alikuwa ameshatoa simu. Alimpigia mdogo wake anayeishi Kikatiti, ambaye mtoto wake alifanyiwa upasuaji kama wangu miaka mitatu iliyopita. Na wao walishatoa shukrani, kwa ushauri wa mama.

"Kadi ya mtoto ya kliniki bado unayo?" aliuliza. Akasikiliza. "Najua haumwi. Mpeleke hivyo hivyo."