Kulipwa Kucheza

Simu ya Mazoon ililia jikoni wakati mwenyewe yuko chumbani anasali adhuhuri, na bibi yake, ambaye hawezi kuiona simu inalia akaiacha, akaipokea. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Aliyepiga ni Wilkister, Mkenya, kocha wa timu ya akina Mazoon. "Shikamoo, nyanya. Mwambie Mazoon basi inatoka Khuwair saa tisa. Leo tunacheza Nizwa, kesho Ibri. Watu wamelipa tayari, na yeye ndiye wanataka kumwona!"

Sasa jamani, nyumba ile ya Ansab, ingawa iko nchi ya Waarabu, ni nyumba ya Kiunguja. Kwa Bibi, mwanamke akicheza, anacheza ngoma. Anakata kiuno. Na huyu analipwa, mji kwa mji, ndani ya basi! Bibi akaiweka simu chini kama imemuunguza, akamwendea mwanawe Msellem, baba yake Mazoon, akamnong'oneza.

Mazoon akaitwa sebuleni. Miezi mizima alikuwa akiiogopa siku hii. Mchana alikuwa karani wa kliniki ya meno. Jioni, kwa kisingizio cha kozi ya kompyuta, alikuwa uwanjani Bawshar akitupa mpira kikapuni mpaka mikono ikafa ganzi. Timu yao ilikuwa mpya, ya wanawake pekee, ya kuzunguka miji na kucheza kwa ujira. Hawakuwa na wa kumuuliza mambo hayo yanafanywaje. Walikodi basi, basi. Leo ndiyo safari ya kwanza. Kila siku alipanga kusema, na kila siku ulimi ulimganda. Msellem akishasema hapana, hana neno la pili.

"Unalipwa kucheza?" baba akauliza. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha.

Wamejua! "Ndiyo, baba."

"Mbele ya watu?"

"Wanawake tu, baba. Wanakata tiketi."

"Astaghfirullah!" Bibi akajipiga kifua. "Nani kakufundisha uchafu huu?"

"Wilkister. Anasema mimi nimeumbiwa kucheza."

Baba akainuka, rangi imemtoka. "Mimi, Msellem, nimezaa mcheza ngoma!"

"Ngoma?" Mazoon akatumbua macho. "Ngoma gani, baba? Mpira! Mpira wa kikapu!" Akakimbilia chumbani, akarudi nao, akaudundisha juu ya marumaru. Glasi za kabatini zikalia.

Bibi akaanza kucheka, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Kumbe mpira! Nami nimeshamzika mtoto wa watu!" Baba hakucheka. Alikaa, akaufunika uso kwa viganja.

"Chukua mkoba wako," akasema hatimaye. "Nnakupeleka mwenyewe."

Walipoingia Khuwair ya Kusini, gari likapunguza mwendo.

"Nimekuuliza neno kama lile," Msellem akasema, "na wewe ukaitikia tu, ndiyo baba, ndiyo baba. Unaniogopa kiasi hicho?"

Mazoon alitamani kusema hapana.

"Nnakuogopa, baba," akasema. "Hata sasa."

Msellem akaegesha gari nyuma ya basi. Akaushusha mkoba, akaubeba mwenyewe mpaka mlango wa basi aliposimama Wilkister, na njia nzima hakuweza kumtazama mwanawe.