Miaka minne ya kufuta ukungu kwenye sigaa za wageni

Saa moja na nusu asubuhi Bakili Shaibu Chilemba amesimama mbele ya mlango wa ghala, Mtaa wa Lindi, funguo mkononi, na hafungui. Anavuta pumzi. Anavuta tena. Nyuma yake wachukuzi wanaoelekea Kariakoo wanasukuma mikokoteni ya viazi wakipiga kelele za "Pisha! Pisha!", naye wala hageuki.

"Humo ndani sivuti sana," anaeleza. "Kwa hiyo najaza huku nje kwanza, ndiyo niingie."

Anajifunga kipande cha kanga puani, anafungua kufuli, anaingia. Harufu inayomlaki ni ya tumbaku tamu iliyochanganyika na nguo zilizokunjwa mbichi. Kwenye rafu kuna visanduku vya mbao mia moja themanini na saba, na katika kila kimoja sigaa ishirini na tano. Kazi ya Bakili, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni kuzifuta ukungu.

Sigaa ni sigara nene isiyo na karatasi, jani tupu nje na jani tupu ndani. Mwananchi wa kawaida huijua kwa kuiona kwenye vikatuni, mdomoni mwa bepari mwenye kitambi. Hizi zililetwa kwa meli mwaka 1979 na shirika moja la umma, ziwe tayari kwa wageni wa hoteli. Wageni wakapungua, hoteli zikaacha kuzichukua, sigaa zikabaki.

Ghala lenyewe halikujengwa kwa ajili ya jani. Ukuta wake wa nyuma umepakana na mtaro wa maji machafu, na masika yakianza ukuta huo hutoa jasho mpaka Juni. Ukungu unataka nini zaidi?

Bakili anachukua kisanduku, anatoa sigaa moja, anaisogeza dirishani. "Ukiwa mweupe, kama vumbi la unga, hauna neno," anasema. Anaipitishia burashi ya kunyolea ndevu, taratibu, kutoka kichwani hadi kitakoni. Kisha anaifuta kwa kitambaa kilichotiwa spiriti kidogo tu, na kuilaza kwenye ubao ipigwe na upepo. "Ukiwa wa kijani, tazama kitako, pale panapowashwa. Ukungu ukishaingia kitakoni, hiyo umeikosa."

Kisanduku kimoja humchukua dakika arobaini. Akifika cha mwisho, cha kwanza kimeshaota tena. "Ni sawa na kupalilia shamba la mtu asiyevuna," anasema, na mkono hausimami.

Vitambaa anavyofutia ni kanga za mkewe, Sabaha. Mwaka huu ambao kupata doti moja dukani ni bahati, mama huyo amekwisha kutoa mbili zikakatwa vipande kwa ajili ya sigaa za watu asiowajua. Mwandishi wa makala haya alipolisikia hilo aliona aibu, ingawa havuti hata sigara za kawaida.

Mei Mosi iliyopita Bakili alitunukiwa cheti cha mfanyakazi bora, na blanketi. Blanketi, Dar es Salaam! Mkuu wa ghala, Ndugu Vitalis Mbawala, ndiye aliyelialika gazeti hili kuja kumwandika.

"Kamati ya ukaguzi imekuja mara tatu haijakuta doa," alisema Ndugu Vitalis kwa fahari. "Mali ya umma iko salama mikononi mwake. Vijana waje wajifunze kwa Ndugu Bakili."

Ingekuwa makala fupi na nzuri. Lakini kabla Bakili hajamaliza kisanduku cha pili, alishikwa na kikohozi, akainama akashika meza, na mwandishi akahesabu pumzi arobaini kabla hajaweza kusema tena.

Si mtu aliyezaliwa dhaifu. Alikuja kutoka Newala mwaka 1961, akabeba magunia bandarini miaka kumi na tano, na wenzake walimwita Winchi. Leo msikiti wa mtaani kwake una ngazi tisa, naye hupumzika mara mbili kabla ya kufika juu. Usiku hulala ameketi, kaegemea ukuta.

Februari alipigwa picha ya kifua hospitali. Haikuwa kifua kikuu. "Daktari akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nafuta ukungu. Akaweka kalamu chini. Akasema, mzee, huo unaoufuta unahamia kwako. Toka huko. Ukikaa masika mawili mengine, mimi sitakuwa na la kukufanyia."

Aliandika barua ya kuomba uhamisho. Akaandika ya pili. Majibu yalikuwa yale yale: mtunzaji hawezi kuondolewa kwenye bidhaa alizokabidhiwa mpaka ziuzwe, au kamati izitangaze kuwa zimeharibika zichomwe moto. Ndugu Vitalis alipoulizwa kuhusu barua hizo alijibu kwamba taratibu zinafuatwa.

Wa kuzinunua hayupo. Na kamati haiwezi kuchoma sigaa zinazong'aa. Kila Bakili anapozisafisha vizuri, anajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa nini basi asiziache zioze? Aliposikia swali hilo alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. "Nikiziacha, ni uzembe. Na mwaka huu, ndugu mwandishi, uzembe una jina jingine."

Jina hilo halina haja ya kutajwa hapa. Mwaka huu wa 1983, msako wa walanguzi ukiendelea, watu wanaogopa hata kukutwa na miche mitatu ya sabuni chini ya kitanda. Mtunza ghala aliyeharibu mali ya umma kwa maelfu atajielezaje?

Saa nne Ndugu Vitalis aliondoka kwenda mkutanoni. Bakili alichungulia nje, akarudisha mlango. Alichukua sigaa moja aliyoisafisha asubuhi ile ile, nzuri, laini, ya rangi ya kahawa. Akaigeuza. Upande wa chini ulikuwa na mpasuko mwembamba toka mwanzo hadi mwisho. Akatoa wembe mfukoni, akaichana katikati.

Ndani ilikuwa kijani kibichi, na harufu yake ilikipita kitambaa cha puani.

"Ndiyo hii niliyotaka uione," alisema. "Hicho cheti ni cha nje tu."

Akakaa juu ya kreti, akasimulia.

Ilikuwa Mei 1981, masika yamekatika. Ukungu ulikuwa umemshinda, umevamia kila kisanduku. Akakumbuka kwao. "Makopa ya muhogo yakinyeshewa yanaota ukungu. Mama anakwangua kwa kisu, anayaanika juani, yakikauka anatwanga, mnakula ugali. Nimekula hivyo mpaka nimeota ndevu. Nikasema, muhogo wa shambani, tumbaku ya shambani. Jua ni dawa ya vyote."

Jumamosi mchana na Jumapili nzima, watu wakiwa mapumzikoni, alizianika zote kwenye bati la banda la uani, akazigeuza kama mama yake alivyogeuza muhogo. Ukungu ulikufa kabisa. Jumapili jioni, akifurahi, alishika sigaa ya kwanza kuirudisha. Ikalia, ka! Jani la nje lilikuwa limepasuka. Akashika nyingine. Ka!

"Nilikaa chini, bwana."

Jumatatu aliificha moja kofiani, akaenda nayo kwa Mzee Nasor, aliyekuwa na duka la tumbaku Mtaa wa Mkunguni kwa miaka mingi. Bakili alimwamkia shikamoo, na mzee akaitikia marahaba macho yakiwa tayari kwenye sigaa. Aliizungusha kidoleni, akauliza: "Umeitia juani?"

"Ndiyo, mzee."

"Aaa, mwanangu. Hii hukaushwa kivulini, kwa upepo. Jua limeichana ngozi. Sasa ukungu umefunguliwa mlango, na ukiingia ndani hautoki kwa kitambaa." Kisha akamshauri aende kwa wakubwa zake siku ile ile. "Leo ni kosa. Kesho itakuwa siri, na siri ina adhabu yake mbali."

Bakili hakwenda. Alizirudisha sigaa kwenye visanduku, mpasuko ukitazama chini. Unyevu wa ghala ukazilainisha tena. Kamati ilipokuja ilifunua vifuniko, ikatazama upande wa juu, ikafunika. Masika yaliyofuata ukungu uliingia ndani, kama mzee alivyosema.

Mwaka huu alipasua sigaa moja katika kila kisanduku apate kujua. Kati ya zote mia moja themanini na saba, mia moja sitini na mbili zilikuwa zimeoza moyoni. Hiyo ndiyo mali anayoilinda. Kifua chake kimekwenda kwa takataka, na yeye anajua, na kesho yake asubuhi anaendelea kufuta.

Mwandishi alikasirika, na hakujua amkasirikie nani. Mtu mzima kaogopa kusema neno moja, ni kweli. Lakini kamati nzima ya watu wenye kalamu haikuwahi kugeuza sigaa moja chini juu.

Sabaha anajua yote. Tulimkuta chumbani kwao Ilala, akichambua mchele ambao nusu yake ni mawe. Hakupunguza mwendo wa vidole aliposema: "Jela kuna siku ya kutoka. Nitampelekea chakula, nitamfulia. Huko daktari alikomwambia anakwenda, mimi nitampelekea nini?"

Na Bakili mwenyewe anasemaje? Mwandishi alimtahadharisha kwamba maneno yake yakichapwa yanaweza kumfikisha mahakamani. Akampa njia nyingine: makala iseme "mfanyakazi mmoja wa ghala mjini", isitaje jina wala mtaa.

Alikataa kabla sentensi haijaisha.

"Jumatatu kamati inakuja. Ukinificha, watafunua, wataona zinang'aa, watafunika. Nitapewa blanketi la pili." Alivuta pumzi kwanza. "Mwaka jana nilijiandaa. Nilifungua mdomo kabisa. Ndugu Vitalis akanitangulia, 'Ziko safi, Bakili hana masihara na kazi.' Wote wakanigeukia. Nami nikasema ndiyo, ziko safi. Hakunilazimisha mtu. Mdomo wangu mbele ya wakubwa sio wangu."

"Na Jumatatu hii utauweza?"

"Sitauhitaji. Wewe utakuwa umeshasema."

Akaomba asomewe yaliyoandikwa kwenye daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, akasahihisha mahali pamoja tu: pale palipoandikwa kwamba alianika sigaa kwa kukosa mafunzo. "Mafunzo kweli sikupewa," alisema. "Lakini huko kunyamaza miaka miwili sikufundishwa na mtu. Liandike na hilo."

Anachotumaini si kikubwa. Wakimsamehe, ataomba kazi yoyote ya nje, hata ya kufagia barabara ya Msimbazi. Wakimfunga, atahesabu miezi kama wanavyohesabu wengine. Wakimfukuza kazi, Sabaha ana nduguye anayechoma matofali Mbagala, na matanuri, anasema, yako uwanjani. Katika hayo matatu hakuna moja litakalomrudisha ndani ya ghala lile.

"Jumapili nitanunua gazeti," alisema, akikunja kitambaa chake cha puani. "Jumatatu saa mbili nitawafungulia mlango, nitawapa walisome. Watakaa humo ndani wapasue wenyewe, moja moja. Mimi watanikuta nje."