Gurudumu Langu Lililofika Denmark

Fundi wa baiskeli wa Saint-Josse, hapa Brussels, amefariki. Habari zilinikuta Jumanne asubuhi, ndoo mkononi, katika korido ya ofisi moja karibu na Schuman ninakofanya usafi kabla wenye tai hawajaingia. Moyo wake ulisimama akiwa dukani, mikono imejaa grisi. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamkumbuka: ndiye yule mzee wa Lubumbashi niliyewaandikia hapa kwamba mimi na yeye tutapanda baiskeli kutoka De Panne, pale pwani ya Ubelgiji inapoanza, tuufuate ufuo wa Bahari ya Kaskazini mpaka Denmark. Wengi mliniuliza safari iliishaje, nami nikawajibu kwa kuwaandikia habari za mvua na mapishi ya sombe, kisamvu chetu. Leo nitawaambia. Nimechoka kulizunguka jambo hili kama nilivyokuwa nikilizunguka duka lake.

Safari tuliipanga kwa majira mawili ya baridi. Shule yangu mimi iliishia njiani, kule Bukavu, lakini ramani nazipenda tangu utoto, na hii ya pwani niliichora mwenyewe kwa kalamu za rangi nyuma ya karatasi ya kufungia zawadi: vivuko kwa bluu, pa kulala kwa nyekundu, na vituo vya kahawa kila mahali, maana bila kahawa mzee hakuwa mtu. Yeye akaniundia baiskeli kutoka mabaki ya baiskeli tano. Gurudumu la mbele alilisuka mwenyewe, spoki moja moja, akilizungusha karibu na sikio kama anayetafuta stesheni kwenye redio. "Hii roue itakufikisha, mutoto," aliniambia. "Mupepo ya kule haina huruma, donc tutapokezana. Mimi mbele, weye nyuma, kisha weye mbele." Sijawahi kuahidiwa kitu nikakiamini kama hicho. Kazini nilikuwa nikipiga deki huku nahesabu vivuko, na wenzangu wakaniuliza kama nimepata mchumba.

Tulikubaliana kuondoka Jumatatu. Kulipokucha nikafika na begi langu, nimevaa kofia ngumu ya baiskeli kichwani tangu nyumbani kwa furaha. Jirani yake muuza simu, ambaye huwa na ufunguo, akanifungulia huku ananitazama kwa mashaka. "Tonton? Aliondoka samedi," akasema, yaani Jumamosi; tonton ni mjomba, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Baiskeli yangu ilikuwa imening'inia kwenye ndoano yake, haina gurudumu la mbele. La kwake mzee lilikuwa sakafuni, limepinda. Ukutani ilipokuwa ramani yangu vilibaki vipande vinne vya utepe wa gundi.

Baada ya siku kadhaa alinitumia ujumbe wa sauti. Kwanza upepo mtupu, kwa muda mrefu, nikadhani amebonyeza kwa bahati mbaya. Kisha sauti yake, karibu kabisa na simu: "Mutoto, huku hakuna muntu ananiita tonton." Basi. Hakuomba radhi, wala hakutaja gurudumu. Sikumjibu. Aliporudi kutoka Denmark, ngozi ya pua imebambuka na suruali inamvuka, aliniona napita ng'ambo ya barabara akaniita: "Ingia, kahawa iko." Nikatazama simu yangu kama mtu mwenye shughuli. Tangu siku ile kwa miezi kumi nilipita mtaa wa nyuma, hata kwenye mvua, hata nikiwa nimechelewa kazini.

Kumbe mambo hayakuishia hapo. Katika miezi hiyo wanawake wa saluni za Galerie d'Ixelles walikuwa wakiniita Monsieur Météo, bwana wa utabiri wa hewa. Mimi na ucheshi wangu nikawa nawaitikia, nawaambia kesho kutakuwa na jua. Siku ya matanga, ukumbini, msusi mmoja aliyekuwa akigawa maandazi akanisogelea. "Weye njo ule aliogopa mupepo, non?" Nikamuuliza upepo gani. "Tonton alitwambia. Eti ulifika ku gare ya treni, ukaona bendera inapigwa na mupepo, ukarudi kulala. Bon, si ubaya. Hata mimi ningerudi." Akanipa maandazi mawili, nadhani kwa kunihurumia. Nilibaki nimeyashika. Gurudumu ningeweza kumwachia. Lakini alikuwa amechukua pia jina langu, akalitumia kuziba shimo la hadithi yake.

Mnajua desturi yetu ya matanga: kipaza sauti kinapita, kila mtu anatoa ushuhuda, na marehemu anageuka malaika kabla ya chai. Walisema alikuwa mkweli. Walisema hakuwahi kumwacha mtu njiani. Kipaza sauti kikanifikia. Mkewe alikuwa ameketi mbele yangu juu ya godoro, kitambaa kichwani, na nilijua nikisema ninalolijua naweza kumwumiza, nikilimeza nitabaki mwoga wa upepo mpaka nami nifanyiwe matanga. Nikasema: "Alinisukia gurudumu zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Halafu akaondoka nalo siku mbili kabla, akaniacha. Sikuogopa upepo. Nilikuwa nimeshavaa kofia."

Mjane akanyoosha mkono. "Leta micro huku," akasema, nikadhani nimekwisha. "Mutoto, weye alikukamatia roue. Mimi aliniambia anaenda Gand kununua minyororo, atarudi mangaribi. Siku ya ine ananipigia simu, eti iko Hollande, anaangalia kondoo." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, na wanawake wakamshika huku nao wanacheka.

Nimefikiri sana juu ya ule ujumbe wa upepo. Nani kati yetu hakulala kwenye kanapé yake, lile kochi bovu, wiki zake za kwanza Brussels? Nani hakumwita tonton, tonton barua hii inasemaje, tonton nipeleke komyuni, ofisi ya manispaa? Tulimpanda kama baiskeli ya watu wote, nami nilikuwa abiria mmojawapo, na ramani yangu ya rangi. Kwa hiyo naelewa kwa nini alitaka kwenda peke yake. Kuelewa hakujaniondolea hasira. Nataka kwenda peke yangu: ni maneno manne tu. Angeniambia, ningelia siku moja na gurudumu ningemfungia mwenyewe.

Mjane amenirudishia gurudumu hilo. Bado limenyooka, na ndani ya tairi nimekuta mchanga. Mwezi wa tano nitaondoka De Panne. Mwenzangu wa kazini, mtu wa Goma tunayeshirikiana naye ndoo, aliniuliza kama tunaweza kwenda wote. Nilihisi uongo unanijia mdomoni, mwepesi na wenye adabu: likizo, baiskeli haijawa tayari, tutaona. Nikaweka deki chini nikamwambia, "Nataka kwenda peke yangu." Alinuna mpaka saa ya kula. Kisha akaja akasimama mlangoni, akaniuliza kama nina koti la mvua, kwa sababu la kwake ni zuri na mwezi wa tano halitumii.